Kumkaribisha mgeni kwa Kihispania: "bienvenir", "recibir", "acoger" au "dar la bienvenida"?

#1 Ngarenaro
Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha watalii kutoka Hispania kinaingia hotelini Nungwi. Meneja anataka maneno mafupi ya mapokezi, na mstari mmoja utachorwa kwenye kibao cha getini. Rasimu niliyokabidhiwa ni hii:

«Hola a todos. Queremos bienvenir a ustedes en Zanzíbar. Estamos felices de acogerles en nuestro hotel. Ustedes están siempre bienvenidos en nuestra casa.» (Habari zenu nyote. Tunataka kuwakaribisha Zanzibar. Tunafurahi kuwapokea hotelini kwetu. Nyumbani kwetu mnakaribishwa daima.)

Kamusi moja inanipa recibir, nyingine acoger, nyingine dar la bienvenida. Kitenzi cha kukaribisha hasa ni kipi? Shusheni nondo.

#2 Sarufi_Ngumu
Bienvenir futa, hakuna kitenzi hicho. Kihispania kina kivumishi bienvenido na nomino bienvenida, basi. Ukitaka kutenda, unaichukua nomino unaiunganisha na dar, kutoa: dar la bienvenida. Sentensi yako ya pili iwe «Queremos darles la bienvenida a Zanzíbar».

Tumia les (ninyi) badala ya kumtaja mgeni kwa jina. Ukisema «dar la bienvenida a los viajeros a Zanzíbar» unapata a mbili zinazogombana, moja ya mtu na moja ya mahali. Si kosa, ila inakwaruza sikio.

#3 Forodhani
Sasa kama bienvenir haipo, bienvenido imetoka wapi? Neno lenye mkia wa -ido lazima lina kitenzi nyuma yake. Comido ina comer, vivido ina vivir.

#4 Mwalimu_Tenzi
#3, kitenzi kipo, ni venir, kuja. Bien + venido, aliyekuja vyema. Anayeelezwa pale ni mgeni, wala si mwenyeji. Ndiyo maana neno linafuata jinsia na idadi ya anayekuja: bienvenido kwa mwanamume mmoja, bienvenida kwa mwanamke mmoja, bienvenidas kwa kundi la wanawake watupu, bienvenidos kwa wanaume au mchanganyiko. Mwanamke anayemkaribisha mwanamume anasema bienvenido. Wanafunzi wengi hulinganisha neno na jinsia yao wenyewe na kuchemka hapo.

Na venir ni kitenzi sielekezi. Huwezi "kumja" mtu. Kwa hiyo hakiwezi kuzaa kitenzi cha kumtendea mtu kitu.

#5 Bukavu_Kivu
Mwalimu, heshima kwako, lakini sababu hiyo haitoshi. Angalia ndugu zake: Wafaransa husema souhaiter la bienvenue, Waitaliano dare il benvenuto, Wareno dar as boas-vindas. Ukoo mzima wa Kilatini unazunguka kwa nomino na kitenzi kingine. Ni desturi ya ukoo, haihusiani na uelekezi wa venir. Isitoshe Kihispania kina bienvivir, kuishi vizuri, na vivir nacho ni sielekezi.

#6 Mwalimu_Tenzi
Bienvivir imebaki sielekezi vilevile. Hakuna anayem-bienvivir mwenzake. Umenisaidia hoja.

#7 Sarufi_Ngumu
Mimi naona sababu ni nyepesi zaidi: nafasi ilishajaa. Recibir na acoger zilikuwepo tayari zikifanya kazi hiyo, lugha haikuwa na haja ya kitenzi cha tatu.

#8 Kijiweni
Mgeni yuko getini na masanduku, nyie mnachimba kaburi la Kilatini. Kibao kiandikwe nini?

#9 Mkalimani_Kibandani
Tuliweke kwenye matumizi, maana vitenzi hivi vitatu havifanani.

Recibir ni kupokea. Umesimama uwanja wa ndege na bango, mgeni anatoka, unampa mkono. «Mañana recibimos al grupo en el aeropuerto.» Kitenzi chenyewe hakisemi kama ulichangamka. Mtu anaweza kupokewa kwa ubaridi: «nos recibieron con frialdad». Ukitaka joto, uliongeze mwenyewe: recibir con los brazos abiertos, kwa mikono miwili.

Dar la bienvenida ni tendo la kutamka. Ni maneno, barua, hotuba. Ukifunga mdomo limeisha.

Acoger ni kumpa mtu nafasi, kumweka chini ya paa lako au kumkubali awe mmoja wenu. Tendo hili lina muda ndani yake.

Sasa kosa linalofichuka haraka ni kiwakilishi. Recibir na acoger zinamchukua mgeni kama yambwa tendwa (yule anayeguswa na tendo moja kwa moja): lo, la, los, las. Dar la bienvenida tayari ina yambwa tendwa yake, nayo ni la bienvenida, kwa hiyo mgeni anahamia kwenye yambwa tendewa (yule anayepewa): le, les, awe mume au mke. Kundi la akina mama: «las recibimos en la puerta», lakini hao hao «les damos la bienvenida». Ukisikia mtu wa Madrid au Valladolid anasema «las damos la bienvenida», hiyo inaitwa laísmo. Inasikika sana kule, ila kwenye maandishi rasmi inakatwa.

#10 Pwani_Likoni
Yambwa tendwa ndiyo nini tena? Huku Kenya ni shamirisho kipozi na shamirisho kitondo.

#11 Kijiweni
Kipozi ni soda ya baridi. Endeleeni.

#12 Mswahili_wa_Lavapies
Naongezea kwenye recibir ya #9. Kuna a ya watu pale, ile inayomtangulia mtu anayetendwa, usiiruke. «Recibimos turistas todo el año» ni kauli ya biashara: hapa tunapata watalii mwaka mzima, yeyote yule. «Recibimos a los turistas con té de especias» ni watalii mahsusi, unawaona kwa macho. Ukiandika «recibimos los turistas» bila a, umewapokea kama shehena.

Kuhusu acoger hotelini, hapo mimi ningeondoa. Mhispania akisikia acoger akilini inamjia familia de acogida, familia inayolea mtoto asiye wake, au centro de acogida, kituo cha wakimbizi. Tanzania acoge a refugiados burundeses, hapo neno limekaa mahali pake. Mtalii aliyelipia chumba chake hajapewa hifadhi. Andika «Es un placer recibirles».

#13 Forodhani
Sikubaliani. Barcelona acogió los Juegos Olímpicos de 1992, na hakuna mkimbizi pale. Na hoteli gani ya Hispania isiyojiita acogedor, mahali penye utulivu wa nyumbani?

#14 Mswahili_wa_Lavapies
Mji kuandaa mashindano ni maana nyingine ya acoger, na acogedor ni kivumishi kinachosimama chenyewe. Nazungumzia sentensi ya mtu kumwambia mtu usoni «le acogemos».

#15 Mkalimani_Kibandani
Wote mna sehemu yenu ya ukweli. Katika nyumba ndogo za wageni vijijini Hispania utakuta «estaremos encantados de acogerles» kwenye tovuti bila mtu kushtuka. Kwenye hoteli kubwa recibir hutawala. Ni rejista, yaani mtindo wa lugha kulingana na mahali, haijafika kuwa sarufi.

Ila tahajia muiangalie: acojo, acoja, acojan kwa j, halafu acoges, acoge, acogemos kwa g. Mbele ya o na a unaweka j ili sauti isigeuke. «Acogo» haipo.

#16 Kijiweni
Na kule Argentina na Mexico coger (kuchukua) si ni tusi? Acoger nayo inapita?

#17 Sarufi_Ngumu
Inapita salama, hakuna anayecheka. Coger peke yake ndiyo unakaa nayo mbali ukiwa na wageni wa Mexico na Argentina. Kupanda basi unasema tomar el autobús.

#18 Ngarenaro
Shukrani. Sasa a au en? Rasimu ina «en Zanzíbar» na «en nuestra casa», #2 kaandika «a Zanzíbar».

#19 Mwalimu_Tenzi
Salamu ya kufika inachukua a, kwa sababu ndani yake kuna venir, na venir inaelekea mahali: «Bienvenidos a Zanzíbar». Lakini ukisema mtu anakubalika mahali fulani wakati wote, hakuna safari tena, kuna mahali tu, na hapo ni en: «Siempre serán bienvenidos en nuestra casa». Kwa hiyo en ya kwanza kwenye rasimu ni kosa, ya pili ni sahihi. Kihusishi kile kile, hukumu mbili.

#20 Bukavu_Kivu
Kwa sisi tuliosoma Kifaransa mtego ndio huo. Bienvenue en France, bienvenue au Congo. Hiyo en ya Kifaransa inatuponyoka mkononi na tunaandika «Bienvenidos en España». Warundi na Wanyarwanda wa kizazi cha Kifaransa nao hivyo hivyo.

#21 Forodhani
Guinea ya Ikweta je? Ni Waafrika, Kihispania ni lugha rasmi kwao tangu enzi za ukoloni mpaka baada ya uhuru wa 1968, na huko watu husema «voy en Bata», naenda Bata. Wamekosea nchi nzima?

#22 Mwalimu_Tenzi
Hiyo ni lahaja, ina kanuni zake: en inachukua kazi ya mwelekeo hata kwa ir (kwenda). Kibao cha Nungwi kinasomwa na watu wa Hispania.

#23 Mswahili_wa_Lavapies
Hata wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani. Mhispania anasema entrar en la casa, Mmarekani Kusini entrar a la casa. Ila kwa bienvenidos a hakuna ubishi, pande zote ni a.

#24 Pwani_Likoni
Mbona hakuna aliyegusa «están bienvenidos»? Hiyo estar inanikera kuliko zote.

#25 Sarufi_Ngumu
Kihispania kina "kuwa" mbili, ser na estar, na hapa ni ser: «son bienvenidos», «serán bienvenidos». Estar ni ya hali ya muda, ser ni ya kudumu, na ukarimu wetu unadumu.

#26 Mkalimani_Kibandani
Jibu sahihi, sababu hapana. Hiyo kanuni ya muda na kudumu inavunjika kwa maiti: hakuna kinachodumu kama kifo, na bado Kihispania kinasema está muerto. Bienvenido inachukua ser kwa sababu inaeleza namna mtu anavyochukuliwa na wengine, sawa na «es querido» (anapendwa), «es respetado» (anaheshimiwa). Iko karibu na kauli ya kutendwa.

#27 Mwalimu_Tenzi
Mimi ningesema ni mabaki ya dua. «Bienvenido seas», uwe umekuja vyema. Sea, seas, sean, zote zinatoka kwenye ser, na sentensi ya kawaida imerithi kitenzi cha dua. Ndiyo maana mpaka leo hotuba rasmi zinafunguliwa kwa «Sean todos bienvenidos».

#28 Bukavu_Kivu
Au ni kwa sababu Kifaransa kina être (kuwa) moja tu na… hapana, naacha. Hii inahusu Wahispania.

#29 Kijiweni
Sababu mbili zimesimama na moja imejiuzulu. Vizuri.

#30 Mkalimani_Kibandani
Jambo linalowaangusha hata waliobobea: kauli ya kutendwa. "Wageni walikaribishwa na chifu." Huwezi kuandika «los invitados fueron dados la bienvenida», haisimami kabisa, kwa sababu kilichotolewa ni la bienvenida na si wageni. Una njia mbili. Badilisha kitenzi: «fueron recibidos por el jefe». Au tumia se: «se les dio la bienvenida». Na dio inabaki umoja hata wageni wakiwa mia, maana inafuata la bienvenida, iliyo moja. «Se les dieron la bienvenida» ni kosa.

Mikwaju ya mkazo nayo: «permítanme que les dé la bienvenida», dé ina mkwaju, kuitofautisha na kihusishi de. «Démosles la bienvenida», tuwakaribishe kwa makofi, ina mkwaju kwenye é kwa kuwa mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho. «Dándoles» ina mkwaju. «Darles» haina. «Dele la bienvenida» kwa tahajia ya sasa haina, ingawa vitabu vya zamani vina déle.

#31 Ngarenaro
Kwa "ninyi", tuseme ustedes au vosotros? Wageni ni wa Hispania.

#32 Mswahili_wa_Lavapies
Hispania bara: vosotros kwa marafiki na vijana, «os damos la bienvenida». Ustedes kwa heshima, «les damos la bienvenida». Visiwa vya Canarias na Amerika yote ya Kihispania ustedes ndiyo ya kila mtu, vosotros karibu haitumiki kwenye mazungumzo. Kikundi kikichanganya Mmeksiko na Mhispania, ustedes haimuudhi yeyote. Kosa baya ni kuchanganya ndani ya aya moja: kuanza na os, ya vosotros, kumalizia na su habitación, chumba chenu cha ustedes.

Na hiyo «acogerles» ya rasimu: kwa sarufi kavu ingekuwa acogerlos, maana ni yambwa tendwa. Les pale ni ya heshima kwa usted, hoteli na mashirika ya ndege ya Hispania huitumia kila siku. Kwa wageni wa Amerika andika recibirlos.

#33 Pwani_Likoni
Hotelini huku wahudumu hupenda kujibu gracias kwa bienvenido, kwa vile Kiswahili "asante" hujibiwa "karibu". Liandikwe ukutani jikoni: bienvenido haijibu shukrani. Sema de nada. Mmeksiko atakwambia por nada au no hay de qué, Mkostarika con gusto, Mvenezuela a la orden.

#34 Sarufi_Ngumu
Ongeza na karibu zile nyingine, kila moja ina nyumba yake. Mtu akipiga hodi: adelante, au pase, wakiwa wengi pasen. Unamwonyesha kiti: siéntese, por favor. Unampa chakula: sírvase. Unamkuta anakula: que aproveche kwa Mhispania, buen provecho kwingine. Wewe ndiye unayekula na mtu akapita: ¿gusta? Jibu lake ni que aproveche, wala hatarajiwi kuketi. Anaondoka: vuelva pronto. Bienvenido ni ya kufika tu, mara moja.

#35 Forodhani
Ukiwa na Wakolombia usishangae «siga, siga» mlangoni. Kwingine ni endelea na safari yako, kwao ni ingia ndani. Mhispania asiyejua hupitiliza.

#36 Kijiweni
Hahaha, anakaribishwa anakwenda zake.

#37 Mkalimani_Kibandani
Ngarenaro, toleo safi hili hapa:

«Buenos días a todos. Queremos darles la bienvenida a Zanzíbar. Es un placer recibirles en nuestro hotel. Aquí siempre serán bienvenidos.»

Kibao: ¡BIENVENIDOS A ZANZÍBAR! Mkwaju wa Í unabaki hata kwa herufi kubwa, wachoraji hupenda kuuacha. Alama ya mshangao iliyopinduka inaanza. Kwenye simu shikilia kitufe cha ! itatokea. Kwenye Windows shika Alt uandike 173 kwa tarakimu za pembeni, 168 ni ¿. Mchoraji akigoma kupindua, toa zote mbili, usiache moja ya mwisho pekee.

#38 Bukavu_Kivu
Mgeni akisema gracias tunajibu nini? Kuna «bien hallado».

#39 Mwalimu_Tenzi
Bien hallado ni ya yule anayekaribishwa, akimjibu mwenyeji. Ya kizamani, inapendeza kwa mzee wa Castilla. Siku hizi mgeni anasema gracias na inaishia hapo.

#40 Pwani_Likoni
Tukiwa bado hapa, wanaotafsiri hati za mikutano. "Tunakaribisha uamuzi huu" inakuwaje? Umoja wa Afrika una Kihispania na Kiswahili vyote viwili, swali si la kufikirika.

#41 Mkalimani_Kibandani
Acoger tena, lakini na mkia: maazimio ya Umoja wa Mataifa huandika «Acoge con beneplácito» au «Acoge con satisfacción», yaani kwa kuridhika. Utangulizini «Acogiendo con beneplácito». Bila huo mkia acoge peke yake inaning'inia. Kwenye habari za magazeti, celebrar (kushangilia) inatosha: «el Gobierno celebra la decisión». «Dar la bienvenida a la decisión» naifuta kila nikiiona, uamuzi haushuki kwenye ndege.

#42 Forodhani
Lakini «toda ayuda será bienvenida» inaruhusiwa, na msaada nao haushuki kwenye ndege.

#43 Sarufi_Ngumu
Wakati mwingine unashuka. Ila hoja ya #42 ni ya kweli, kivumishi kinabeba vitu bila shida: ayuda (msaada), sugerencias (mapendekezo), lluvias (mvua). Dar la bienvenida ndiyo inayodai mtu, au angalau kitu kinachoingia, kama mwaka mpya: «dar la bienvenida al año nuevo».

#44 Pwani_Likoni
Na «saludamos la iniciativa», tunausalimu mpango huu? Naiona sana kwenye taarifa za mabalozi.

#45 Mkalimani_Kibandani
Ipo, imezoeleka kwenye diplomasia. Binafsi naandika celebramos.

#46 Bukavu_Kivu
Mimi naiacha saludamos. Balozi akiisoma kwa sauti inatoka fupi kuliko acogemos con beneplácito, ambayo mkalimani wa papo kwa papo anaimaliza msemaji akiwa ameshafika aya inayofuata.